Vichujio vya kiyoyozi cha fleti mjini Lubumbashi: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Kiyoyozi cha fleti kinapoanza kupuliza upepo dhaifu, wakazi wengi wa Lubumbashi humwita fundi wa frigo aje kuongeza gesi kabla hawajainua kifuniko cha mbele na kutazama kichujio. Kichujio kilichoziba kwa vumbi huizuia hewa kuingia katika mashine, na dalili zake hufanana sana na za upungufu wa gesi: chumba huchelewa kupoa, barafu hujikusanya ndani, maji hudondoka ukutani, na umeme hutumika zaidi ya inavyostahili. Tatizo la kichujio, hata hivyo, mtu anaweza kulimaliza mwenyewe kwa beseni la maji, au kwa kununua fremu nyepesi ya plastiki yenye wavu ambayo kwa kawaida bei yake ni ndogo ukiilinganisha na malipo ya fundi na gesi yake.

Mwongozo huu unapanga kwa daraja aina za vichujio ambazo mnunuzi atakutana nazo madukani au atakazoagiza kutoka nje, na msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anapoendelea. Kwa fleti nyingi za mji huu, kitu cha kununua kwanza ni jozi ya pili ya vichujio vya wavu vinavyolingana kabisa na vile vilivyokuja na mashine, ili jozi moja ifanye kazi wakati nyingine inaoshwa na kukaushwa. Vichujio vizito vyenye ahadi nyingi kwenye boksi nimeviweka chini, na nitaeleza sababu yake kwa urefu, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapopoteza fedha na wakati mwingine mashine yenyewe.

Vumbi na moshi wa mji huu

Lubumbashi imekaa juu ya tambarare ya Katanga, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, na majira yake yamegawanyika wazi. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hukatika karibu kabisa. Mwezi wa Juni na Julai usiku huwa na baridi, viyoyozi huzimwa, na mashine hukaa ukutani majuma mengi ikipokea vumbi bila mtu kuigusa. Kisha joto hupanda Septemba na kufikia kilele chake Oktoba, wakati ambapo ardhi bado ni kavu, barabara zisizo na lami zinatimua udongo mwekundu kila gari linapopita, na misitu ya miombo inayouzunguka mji bado inachomwa moto. Kwa hiyo kiyoyozi huanza kazi yake nzito zaidi ya mwaka katika majira yenye hewa chafu zaidi ya mwaka, tena kikiwa na kichujio kilichokwisha kulala na vumbi la miezi mitatu.

Kutokana na hali hiyo, ratiba inayoandikwa katika vitabu vya mashine haitoshi kufuatwa kwa jumla tu. Kagua kichujio mwishoni mwa Agosti kabla ya kuwasha kiyoyozi kwa mara ya kwanza, kisha kila baada ya majuma mawili hadi mvua za Novemba zitakapotuliza vumbi, na baada ya hapo mara moja kwa mwezi inatosha. Anayeishi ghorofa ya chini kando ya barabara ya udongo afupishe muda huo; anayeishi ghorofa ya juu katikati ya mji, mahali penye lami, anaweza kuurefusha kidogo.

Kuna jambo moja linalopaswa kueleweka kabla ya kutoa fedha. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani, kile chenye sehemu ya ndani na sehemu ya nje, hakivuti hewa kutoka nje ya nyumba. Kinazungusha hewa ile ile ya chumbani: kinaivuta kwa juu, kinaipitisha kwenye kichujio na kwenye koili yenye mapezi membamba ya alumini, kisha kinairudisha chumbani ikiwa baridi. Kwa maana hiyo vumbi lililomo katika kichujio ni vumbi lililokwisha kuingia nyumbani kwa madirisha, milango na viatu, na hakuna kichujio kitakachoshinda dirisha linaloachwa wazi mchana kutwa kuelekea barabarani.

Uchafu huo nao ni wa namna mbili. Udongo mwekundu, nywele, nyuzi za nguo na manyoya ni vitu vikubwa, na wavu wa kawaida huvikamata vizuri. Moshi wa makala (makaa ya kupikia) kutoka kwenye mbabula, yaani majiko ya makaa, za majirani, moshi wa misitu na wa injini za dizeli ni chembe ndogo mno, nyingi zikiwa na kipenyo kisichofikia mikromita 2.5, wakati unywele wa mtu una unene wa makumi ya mikromita. Chembe hizo hupita kwenye wavu pasipo kizuizi chochote, na ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, liliweka kikomo cha mikrogramu 5 tu za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo ya hewa kama wastani wa mwaka. Mnunuzi anayechanganya uchafu wa aina hizi mbili hununua kifaa cha moshi ili kutibu vumbi, au kifaa cha vumbi akitumaini kwamba kitaondoa moshi.

Kukagua kabla ya kwenda dukani

Zima kiyoyozi kwa rimoti, kisha zima umeme wake kwenye dijonkteri, swichi ya kukatia umeme. Hatua ya pili haina mbadala katika mji wenye delestaji, yaani mgao wa umeme. Watu husema, umeme umekatika, basi huu ndio wakati mzuri wa kufungua mashine; lakini viyoyozi vingi vya sasa hukumbuka hali vilivyokuwamo na hujiwasha vyenyewe umeme unaporudi, nao unaweza kurudi wakati vidole vyako viko karibu na feni. Simama juu ya ngazi imara badala ya kiti cha plastiki, inua kifuniko cha mbele kwa mikono miwili hadi kishike, na utaona vichujio, kwa kawaida viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto. Kila kimoja husukumwa juu kidogo ili kitoke kwenye ndoano zake, halafu huvutwa chini. Usiguse mapezi ya alumini yaliyo nyuma yake, kwa sababu ni makali na hupinda kwa urahisi.

Kiinue kichujio kuelekea mwanga wa dirisha. Ikiwa unaona mwanga kupitia matundu yote, kisha unaona vumbi jepesi tu juu ya wavu, kukiosha kunatosha na hakuna cha kununua leo. Ikiwa mwanga haupiti, kioshe kwanza ndipo uamue, kwa sababu kichujio kinachotisha kwa uchafu mara nyingi hurudi kuwa kizima. Kinachohitaji kubadilishwa ni kile ambacho wavu wake umechanika au umebanduka kwenye fremu, ambacho fremu yake imepinda kiasi cha kuacha pengo pembeni, ambacho plastiki yake imekauka na kuvunjika vidoleni, au ambacho kimeshika mafuta ya jikoni yasiyotoka hata kwa sabuni. Pengo la upana wa kidole lina madhara zaidi kuliko linavyoonekana, maana hewa hupita palipo rahisi, na vumbi lote la chumba hufuata njia hiyo hadi kwenye koili.

Tazama pia koili wakati kifuniko kiko wazi. Ikiwa imefunikwa na utando wa kijivu au wekundu, kichujio kipya pekee hakitarudisha upepo, na itakupasa kumwita fundi aioshe koili kwanza.

Vipimo vya kubeba

Wauzaji wengi watakuuliza swali moja: kiyoyozi chako kina nguvu kiasi gani, BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000, 12,000, 18,000? Swali hilo halitoshi, na mimi nisingenunua kwa mtu anayeishia hapo. Viyoyozi viwili vya kampuni moja, kimoja cha 9,000 na kingine cha 12,000, huweza kutumia kichujio kile kile kwa kuwa ganda lao ni moja, huku viyoyozi viwili vya 12,000 kutoka kampuni tofauti vikawa na vichujio visivyofanana hata kidogo. Nguvu ya mashine haisemi kitu kuhusu mahali zilipo ndoano za fremu.

Nenda na namba kamili ya modeli, iliyoandikwa kwenye kibandiko ubavuni au chini ya sehemu ya ndani. Usichukue ile ya sehemu ya nje, kwa sababu namba hizo mara nyingi hutofautiana. Pima urefu, upana na unene wa kichujio kwa milimita, na upime vichujio vyote viwili, kwa kuwa katika mashine nyingine cha kulia na cha kushoto havilingani. Bora kuliko vipimo vyote ni kubeba kichujio chenyewe dukani, kikiwa kimeoshwa na kufungwa katika mfuko. Mwambie muuzaji, “Papa, nataka kinachokaa juu ya hiki bila kupungua wala kuzidi,” kisha uviweke kimoja juu ya kingine mbele yake, ukiangalia ndoano na mkunjo wa fremu. Kiyoyozi kisiwashwe wakati kichujio kiko nje, hata kama ni kwa saa moja ya joto kali.

Daraja la kwanza: jozi ya pili ya wavu halisi wa mashine

Wavu wa nailoni au wa plastiki ya polipropilini, ulioundwa na kampuni iliyotengeneza kiyoyozi chako, unashika nafasi ya kwanza bila mashaka. Feni ya kiyoyozi cha ukutani ni dhaifu. Imepangwa kuvuta hewa kupitia wavu mwepesi, na mtengenezaji alihesabu mtiririko huo alipochagua ukubwa wa koili. Wavu halisi hukaa bila pengo, huoshwa mara nyingi mno, na ukitunzwa hudumu miaka.

Faida ya kuwa na jozi mbili inaonekana katika wiki za Oktoba. Mwenye jozi moja huiosha, kisha hukabiliwa na uchaguzi mbaya: akae na joto hadi ikauke, airudishe ikiwa na unyevu, au awashe mashine bila kichujio. Kichujio chenye unyevu hugandisha vumbi na kukaribisha ukungu, na harufu yake utaisikia chumba kizima. Mwenye jozi ya pili hubadilisha kwa dakika chache na kuendelea na shughuli zake. Anayepika kwa ratiba ya umeme na kuchota maji pale yanapotoka anajua thamani ya kazi ambayo haihitaji kufanywa papo hapo.

Ugumu wake ni upatikanaji. Bidhaa nyingi za namna hii hufika Lubumbashi kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na duka linalouza kiyoyozi kizima si lazima liwe na vipuri vyake. Ukinunua kiyoyozi kipya, dai jozi ya akiba siku hiyo hiyo, kabla ya kulipa, kwa sababu wakati huo muuzaji bado anataka kukuridhisha. Ikiwa mashine ni ya zamani, agiza mwezi wa Juni au Julai. Anayesubiri hadi Septemba atakuta kila mtu anaulizia.

Daraja la pili: fremu inayolingana kutoka kwa mtengenezaji mwingine

Viko vichujio vinavyotengenezwa na viwanda vingine kwa kufuata umbo la modeli zinazouzwa sana. Kilicho kizuri hufanya kazi sawasawa na kile halisi kwa bei ya chini, kwa hiyo sioni aibu kukinunua, mradi mnunuzi akikague kwa mikono yake. Kilaze juu ya kaunta iliyonyooka uone kama pembe zote nne zinagusa. Pitisha ukucha mahali wavu unapokutana na fremu: umeshikwa kwa kuyeyushwa katika plastiki, au umebandikwa kwa gundi ambayo itaachia kwenye maji ya kwanza? Inua kuelekea taa utazame kama matundu yanalingana. Wavu uliovutika upande mmoja utakuwa na matundu makubwa huko na madogo kwingine. Linganisha pia ulaini wake na wako wa zamani, kwa sababu wavu mzito kupita kiasi hupunguza upepo tangu siku ya kwanza.

Kikipita majaribio hayo, nunua jozi mbili.

Daraja la tatu: wavu wa kukata

Kwa mashine ambayo modeli yake haitengenezwi tena, pamoja na viyoyozi vingi vya dirishani vilivyobaki katika majengo ya zamani ya katikati ya mji, wavu wa nailoni unaouzwa kwa mita ni ukombozi wa kweli. Fremu ya zamani hubaki, wavu uliochanika hukatwa, na mpya hukazwa kwa uzi wa nailoni au gundi isiyoyeyuka kwa maji. Wavu wa mbu wa madirishani una matundu makubwa mno kwa kazi hii, na kitambaa cha pazia kina matundu madogo mno. Tafuta ulio katikati, unaofanana na wa awali ukiviweka pamoja mkononi. Viyoyozi vya dirishani vyenye kichujio cha sponji huhitaji sponji ya matundu wazi ya unene ule ule, nayo hubadilishwa inapoanza kubomoka.

Nimeiweka aina hii ya tatu kwa sababu mafanikio yake yanategemea mkono wa anayeikata. Mpe fundi wa kushona au wa madirisha mwenye subira, uone kazi kabla ya kulipa.

Daraja la nne: karatasi laini za nyuzi

Hapa tunaingia katika vichujio vinavyobandikwa juu ya wavu ili kukamata chembe ndogo zaidi: karatasi nyeupe za nyuzi za poliesta, nyingine zikiwa na chaji ya umeme tuli inayovuta vumbi. Zina manufaa katika chumba kimoja cha kulala cha mtu mwenye pumu, wakati wa moshi, kwa masharti mawili. Sharti la kwanza ni kutokuziosha, kwa kuwa maji huondoa chaji na kuziacha bila uwezo waliokuuzia. Hutupwa na kubadilishwa. La pili ni kuzikagua kila wiki, maana nyuzi zinazokamata zaidi huziba mapema zaidi. Asiyekuwa na nidhamu hiyo atageuza msaada kuwa kizuizi ndani ya siku za vumbi la Oktoba.

Kwenye boksi utakuta alama za kupima uwezo. MERV ni kipimo cha Marekani kinachoanzia 1 hadi 16, na jinsi namba inavyopanda ndivyo chembe ndogo zinavyokamatwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16890, kilichotolewa mwaka 2016, hutumia maneno ePM10, ePM2.5 na ePM1, ambamo namba ni ukubwa wa juu wa chembe kwa mikromita, yakifuatwa na asilimia ya zinazokamatwa. Karatasi isiyo na alama yoyote kati ya hizo, bali maneno matupu ya “hupambana na bakteria”, iache.

Daraja la tano: vipande vya kaboni

Baadhi ya mashine zina nafasi ndogo nyuma ya wavu kwa ajili ya kipande chembamba cha kaboni iliyoamilishwa, ambayo hunasa harufu na baadhi ya gesi. Kwa fleti iliyo juu ya jiko la jirani, kipande kipya hupunguza harufu ya moshi kwa muda. Kinachowapotosha watu ni kwamba harufu ikipungua wao hudhani moshi wenyewe umeondoka, ilhali chembe zake bado ziko hewani. Kaboni hushiba baada ya miezi michache na kuosha hakuirudishi hali yake. Yako pia mazoea ya kufunga vipande vya makala katika kitambaa na kuvisukuma ndani ya kiyoyozi: nanasihi kwa nguvu kwamba yaachwe, kwa kuwa makala ya kupikia hayajaamilishwa kwa kazi hiyo, yanamwaga unga mweusi juu ya koili, na kitambaa kinaziba hewa.

Daraja la mwisho: HEPA ndani ya kiyoyozi cha ukutani

HEPA ni jina la heshima katika uchujaji wa hewa, na stahiki yake ni ya kweli: kwa kipimo cha Marekani kichujio hicho hukamata asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Uwezo huo hutokana na nyuzi zilizosongamana, ambazo zinahitaji feni yenye nguvu ya kusukuma hewa kupita katikati yake. Feni ya kiyoyozi chako haina nguvu hiyo. Ukibandika kipande kinene kinachoitwa HEPA juu ya wavu, hewa inayofika kwenye koili hupungua, koili hupoa kupita kiasi, unyevu unaganda juu yake kuwa barafu, na barafu nayo inafunga njia iliyobaki. Mashine ikizimwa barafu huyeyuka na maji kumwagika ukutani. Ikiendelea hivyo, gesi ambayo haikupata joto la kutosha hurudi kwenye kompresa, pampu inayoisukuma gesi, ikiwa bado ya majimaji, na kompresa ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Hii ndiyo sababu ya kuiweka mwisho kabisa, hata chini ya wavu wa kukata wa bei ndogo.

Anayesumbuliwa na moshi, hasa penye mtoto mchanga, mzee au mgonjwa wa kifua, anunue mashine ya kusafisha hewa inayojitegemea, yenye HEPA na feni yake, aiweke chumba cha kulala na kufunga madirisha. Aangalie kiasi cha hewa inachosafisha kwa saa akilinganishe na ukubwa wa chumba, kisha ahakikishe kwamba vichujio vya kubadilisha vinapatikana kwa modeli hiyo, kwa sababu mashine isiyo na kichujio cha pili ina maisha mafupi. Matumizi yake ya umeme ni madogo sana kuliko ya kiyoyozi, hivyo hata grupu (jenereta) ndogo ya nyumbani kwa kawaida huimudu.

Kuosha na kurudisha

Nje au bafuni, gonga kichujio kidogo au kivute vumbi kwa mashine ya kufagilia upande ule uliokuwa unaikabili hewa ya chumba. Kisha mimina maji kutoka upande wa nyuma, ili vumbi litoke lilikoingilia badala ya kusukumwa ndani ya matundu. Maji yawe ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 za Selsiasi, na sabuni iwe nyepesi kama ya vyombo. Mahali ambapo bomba la REGIDESO, shirika la maji, halitoi, beseni moja la kulowekea na jingine la kusuuzia yanatosha kwa vichujio viwili. Petroli, tineri na dawa ya kupaushia nguo huharibu plastiki, na brashi ngumu huvuta wavu. Kausha kivulini penye upepo. Jua la Oktoba hupindisha fremu, na mpindo huo ndio unaoleta lile pengo la pembeni.

Unaporudisha, sukuma hadi usikie ndoano zikishika, funga kifuniko, ndipo uwashe dijonkteri. Ikiwa mashine yako ina taa ya ukumbusho wa kichujio, ifute kwa kitufe kinachoelezwa katika kitabu chake, la sivyo itaendelea kuwaka na hutajua lini inasema kweli. Andika tarehe kwa kalamu kwenye kipande cha utepe wa karatasi na ukibandike ubavuni mwa mashine, jambo linalofaa zaidi katika fleti za kupanga, ambako mpangaji anayehama na mwenye nyumba hubishana kuhusu nani aliacha kiyoyozi kichafu. Hali ya vichujio iingizwe katika orodha ya ukaguzi wa nyumba siku ya kupokea funguo.

Kuhusu umeme, Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba kuweka kichujio safi mahali pa kilichoziba kunaweza kupunguza matumizi ya kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Kwa anayelipia umeme kabla ya kuutumia, au anayewasha grupu kwa mafuta kila delestaji inapoingia, kiasi hicho hakichelewi kurudisha bei ya jozi ya pili.

Baada ya kuweka kichujio kipya, acha kiyoyozi kifanye kazi dakika 15 hadi 20 kwa feni ya juu, kisha pima joto la hewa inayoingia kwa juu na la ile inayotoka kwa chini ukitumia kipimajoto cha kawaida. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni ya kuridhisha. Ikiwa kichujio ni safi, koili haina utando, na bado tofauti ni ndogo au barafu inarudi, basi sasa ndipo umwite fundi apime gesi, na umwonyeshe ulichokwisha kukagua ili aanzie hapo badala ya kukutoza kwa kufungua kifuniko.